Siku Jamhuri ya Vigelegele Ilipopandishwa Toleo

Ipo nchi moja, na asiyesadiki asisumbuke kuitafuta kwenye ramani, kwa sababu ramani yenyewe imo ndani ya kompyuta ile ile tunayotaka kuisema, na kompyuta ile huchukua muda wake kuamka. Nchi hiyo inaitwa Jamhuri ya Vigelegele. Ni nchi ya amani. Watu wake ni wembamba na wapole, mawaziri wake ni wanene na wapole, na Serikali yake yote imo ndani ya kompyuta moja. Ndiyo, moja. Ilikuwepo nia ya kununua ya pili, bajeti ikapitishwa, makofi yakapigwa, na ya pili ikanunuliwa kweli. Inasemekana iko nyumbani kwa mtu fulani na watoto wake wanaipenda sana.

Kompyuta ya Taifa ilikuwa inatumia mfumo endeshi uitwao Toleo la Nne. Kwa wale ambao hawajabahatika kukaa mbele ya kompyuta, mfumo endeshi ndio unaoiamuru iamke, ifungue faili, ichape barua na kulala. Bila mfumo huo kompyuta ni sanduku lenye kioo. Toleo la Nne lilikuwa limechoka, hilo hatulifichi. Ukiliwasha asubuhi unaweza kuchemsha chai, ukainywa, ukagombana na jirani na mkapatana, ndipo likuulize neno la siri. Lakini likishaamka, limeamka. Lilijua kila kiwanja na kila mtoto aliyezaliwa nchini, na printa yake, japo ilinguruma kama mashine ya kukoboa mpunga, ilichapa.

Basi siku moja Mtukufu Rais, Baba wa Kasi, alikwenda ziara nchi jirani. Wenyeji wakampitisha ofisini kwao, na pale akaona jambo lililomtoa hamu ya chakula cha mchana. Kompyuta ya wenzake ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, na madirisha yake yalikuwa na pembe za mviringo. Ya kwake ilikuwa na picha ya kilima kisicho na kitu, na pembe zake zilikuwa kali.

Aliporudi hakungoja hata kushuka ngazi za ndege.

"Ndugu wananchi!" akasema. "Nimetoka huko, nimejionea. Wenzetu wana pembe za mviringo. Sisi tutaishi na pembe kali mpaka lini?"

Uwanja wa ndege wote ukalipuka vigelegele. Hakuna aliyejua anashangilia nini, lakini katika nchi ile hilo halijawahi kuwa kizuizi.

Ikaamuliwa kwamba Taifa litapanda kutoka Toleo la Nne na kutua Toleo la Kumi na Mbili. Waliouliza matoleo ya katikati yamekwenda wapi walijibiwa kuwa hiyo ndiyo kasi yenyewe.

* * *

Habari ilimkuta Bi Mosi Kitwana kwake, Mtaa wa Kichangani, ameinamia cherehani anashona sare za shule. Aliyeileta ni jirani yake Mwanamvua, mwanamke mwenye kicheko kikubwa na koo la chuma, mwanachama wa siku nyingi wa Kikundi cha Vigelegele cha Taifa.

"Shoga, umesikia? Kompyuta ya Serikali inapandishwa toleo!"

Miguu ya Bi Mosi ikasimama juu ya kanyagio. "Inapandishwa nini?"

"Toleo. Inavuliwa lile la zamani inavishwa jipya. Wanasema itakuwa nzuri, ina maporomoko ya maji."

"Na vilivyomo ndani?"

"Vitahamia huko kwenye jipya."

"Ahaa. Kwa hiyo wanahama."

"Wewe nawe! Wanapanda, hawahami."

"Mwanamvua, Serikali ikisema inahama, mimi nakaa mlangoni natazama vyombo."

Bi Mosi hakuwa mtu wa chuki. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu, nao ni kukumbuka, ugonjwa ambao hospitali za nchi ile ziliutibu kwa bidii bila mafanikio. Alikumbuka enzi Serikali ilipohama kutoka madaftari kwenda mafaili. Wakasema mafaili ni ya kisasa. Mafaili yalipofunguliwa, kisima cha Kichangani hakikuwemo. Kilikuwepo, watu walikuwa wanachota pale pale, lakini ndani ya faili hakikuwemo. Baada ya muda kikazungushiwa seng'enge. Alikumbuka Serikali ilipotoka kwenye mafaili ikaingia kwenye kabati la chuma lenye kufuli ya namba. Safari hiyo ulipotea uwanja wa mpira, na timu ya mtaa mpaka leo inafanyia mazoezi barabarani, ndiyo maana ina mabeki wakali na haina mshambuliaji. Alikumbuka tena kabati lilipohamia kwenye Toleo la Nne, kwa ngoma na tarumbeta, ikaenda zahanati.

Na jambo la ajabu, ambalo Bi Mosi alilitaja kila mahali mpaka watu wakawa wanahama benchi akikaribia, ni kwamba shamba la mananasi lililopakana na Kichangani halikuwahi kupoteza hata shina moja. Kila Serikali ilipohama, shamba lile lilinenepa. Mwenye shamba alikuwa Mheshimiwa Mhandisi Gombela Tutindaga, Waziri wa Mitambo, Kasi na Mambo Yajayo.

Hakukuwa na uchawi hapo, ni sheria tu. Sheria ya Ardhi ya Vigelegele inasema hivi: kisichoonekana kwenye kumbukumbu za Serikali ni eneo tupu, na eneo tupu hukabidhiwa jirani mwenye uwezo wa kuliendeleza. Ni sheria nzuri, fupi, na inaeleweka.

"Kisima kimekwenda," alisema Bi Mosi, anahesabu kwa vidole vyenye chaki ya kushonea. "Uwanja umekwenda. Zahanati imekwenda. Safari hii kimebaki nini cha kupotea?"

Mwanamvua akatazama kulia, akatazama kushoto. Kilichobaki Kichangani ni nyumba, na ndani ya nyumba, wao wenyewe.

"Uzinduzi ni Ijumaa," akasema, na kicheko kilikuwa kimemwisha. "Lakini hawaingizi mtu, shoga. Wageni waalikwa tu, na sisi wa vigelegele."

"Basi niandikishe vigelegele."

"Wewe? Mara ya mwisho kushangilia ni lini?"

"Sikumbuki," akajibu Bi Mosi, na hilo lilikuwa jambo la kwanza maishani kumshinda kukumbuka.

* * *

Kuingia katika Kikundi cha Vigelegele cha Taifa si mchezo. Kuna usaili. Afisa Itifaki hukupeleka kwenye chumba kisicho na kitu, anakusomea habari mbaya, na wewe unapaswa kushangilia bila kusita. Bi Mosi alisomewa kwamba bei ya unga imepanda. Akafikiria nyumba yake, akafunga macho, akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichotikisa vioo. Afisa Itifaki akatokwa na machozi, akasema tangu aanze kazi hajasikia uzalendo wa namna ile.

Akapewa fulana yenye picha ya maporomoko ya maji, ambayo aliishona upya kwapani kwa sababu ilishonwa ovyo, na akaelezwa masharti. Haruhusiwi kuzungumza. Haruhusiwi kuuliza. Haruhusiwi kukohoa wakati wa hotuba isipokuwa kwa kibali. Kazi yake ni kutazama kitambaa cheupe cha Afisa Itifaki: kikiinuliwa, unapiga, kikishushwa, unanyamaza.

"Na msifanye mzaha," akawaonya. "Katiba inasema tendo la Serikali lisilopigiwa vigelegele si tendo. Mnakumbuka lile daraja?"

Walilikumbuka wote. Waziri mmoja mwenye haraka alizindua daraja asubuhi kabla kikundi hakijafika. Daraja likawa limejengwa lakini kisheria halipo, na watu waliopita juu yake walishtakiwa kwa kutembea hewani bila leseni.

* * *

Ijumaa ikafika. Kompyuta ya Taifa ilikuwa imewekwa jukwaani juu ya meza yenye kitambaa cha satini, imezungushiwa utepe mwekundu kiasi kwamba matundu yake ya kupumulia yote yaliziba, ikawa inatoa joto kama pasi. Pembeni yake alikaa Ndugu Shebe Makungu, Mtaalamu Mkuu wa Kompyuta wa Taifa, aliyevaa suti, tai na miwani mbili, moja machoni na moja kichwani kwa dharura. Shebe alisomea ng'ambo kozi nzima ya kuzima na kuwasha, na kwenye kuwasha alipata alama za juu.

Hotuba zikaanza. Kila mzungumzaji alisema kuwa itifaki imezingatiwa, kisha akaizingatia upya kuanzia juu hadi chini. Hatimaye Mheshimiwa Gombela akakata utepe, na kompyuta ikashusha pumzi.

"Neno la siri!" Shebe akatangaza.

Ukumbi mzima ukalitaja kwa sauti moja. Neno la siri la Taifa, kwa ajili ya uwazi, lilikuwa limetangazwa redioni baada ya taarifa ya habari.

Toleo jipya likaingizwa. Kwenye kioo yakatokea maandishi mengi, madogo madogo, yanashuka chini kama hayana mwisho.

"Hayo ni nini?" akauliza Mheshimiwa.

"Ni masharti, Mheshimiwa. Wenye mfumo wanataka tuyasome, kisha tukubali."

"Tuyasome yote?"

"Ndivyo wanavyosema."

"Wewe Shebe, Serikali hii umeona lini ikisoma kitu kabla ya kukubali? Bonyeza!"

Kitambaa cheupe kikapanda, vigelegele vikapigwa, Mheshimiwa akabonyeza *Nakubali*. Na Bi Mosi, huku akipiga, alikumbuka kwamba ziwa la nchi lilikwenda kwa mtindo huo huo, na milima miwili yenye madini, na mbuga ile ya wanyama ambayo siku hizi wananchi wakitaka kuona swala wa kwao wanaomba viza.

Kompyuta ikazima.

Giza tupu kwenye kioo. Mheshimiwa akamtazama Shebe, na Shebe akabadilisha miwani.

"Imekufa?" Mheshimiwa akanong'ona, akasahau kwamba yuko kwenye kipaza sauti.

Neno *imekufa* likaenda nje kupitia spika, kutoka spika likaenda barabarani, na kabla Shebe hajaeleza kwamba inazimika ili iwake upya, bendera za wizara mbili zilikuwa zimeshushwa nusu mlingoti na Bendi ya Polisi imeanza wimbo wa huzuni. Kompyuta ilipowaka, Bendi ikageuza wimbo katikati. Kisha ikazima tena, maana hiyo ndiyo tabia ya mitambo inayopandishwa toleo, na Bendi ikageuza tena. Ilipozima mara nyingine, mpiga tarumbeta alisusa akakaa chini.

* * *

Kompyuta ilipotulia, ikaandika sentensi moja. Shebe akaisoma kimyakimya, akaisoma tena kwa miwani nyingine.

"Mheshimiwa, inasema nafasi haitoshi."

"Nafasi gani? Ukumbi huu unaingiza watu maelfu."

"Nafasi ya ndani, Mheshimiwa. Toleo jipya ni nene. Ili liingie, lazima tufute kitu. Linatoa orodha, tuchague."

"Si tununue nafasi nyingine?"

Mtu fulani aliyekaa kiti cha mbele akaanza kutafuta kalamu yake chini ya meza.

"Ilishanunuliwa, Mheshimiwa," Shebe akasema kwa upole.

"Aa. Basi soma hiyo orodha."

Shebe akasoma. Cha kwanza kilikuwa picha za Mtukufu Rais. Mtukufu ameketi, Mtukufu amesimama, Mtukufu anatazama mbali, Mtukufu anatazama karibu, Mtukufu anaonyeshwa ng'ombe. Hizo peke yake zilikuwa zimejaza karibu kompyuta yote.

"Tukizipunguza kidogo tu, Mheshimiwa, toleo linaingia na nafasi inabaki."

"Shebe."

"Naam, Mheshimiwa."

"Umesimama mbele ya Taifa unataka kumfuta Baba wa Kasi?"

"Nimesoma tu, Mheshimiwa! Nimesoma tu! Naendelea." Jasho lilikuwa limefika kwenye tai. "Video ya harusi ya mpwa wa Katibu Mkuu."

"Hiyo ni historia," akasema Katibu Mkuu kutoka kitini.

"Mchezo wa karata."

Wakuu wote wa idara wakakohoa kwa pamoja, na wote walikuwa na kibali.

"Rekodi za viwanja. Mtaa wa Kichangani."

Hapo hakukohoa mtu.

"Kichangani ndiyo nini?" akauliza Mheshimiwa Gombela, ambaye asubuhi hiyo alikuwa amekula nanasi lililoota hatua chache kutoka choo cha Bi Mosi.

"Ni mtaa, Mheshimiwa. Mdogo tu."

"Tukiufuta tutapata nafasi kiasi gani?"

Shebe akabonyeza, akapiga hesabu. "Kama ya picha moja ya Mtukufu anapiga chafya."

"Si haba. Tuanze na huo. Mtaa gani unafuata?"

"Lakini, Mheshimiwa, ili itoshe itabidi twende na Bondeni, na Mlalakuwa, na Ghalani, na Kwa Fundi Bakari, na huku chini kuna mingine—"

"Weka yote! Ndugu wananchi, maendeleo yana gharama, na gharama zina wenyewe. Watu hawa wazalendo wa mitaa hii, mahali popote walipo, wanatoa nafasi yao kwa moyo mkunjufu ili Taifa lipate pembe za mviringo. Tuwapigie!"

Kitambaa cheupe kikapanda.

Sasa hapa inafaa tueleze jambo ambalo Serikali ya Vigelegele, pamoja na wasomi wake wote, haikuwa imelifikiria. Kikundi cha Vigelegele cha Taifa kililetwa na wizara kwa miguu, kuokoa mafuta. Na ukitaka watu wa kuletwa kwa miguu, huwachukui mbali. Kule nyuma ya ukumbi, ndani ya zile fulana za maporomoko, walikuwa wamesimama wanawake wa Kichangani, wa Bondeni, wa Mlalakuwa, wa Ghalani, na mke wa Fundi Bakari mwenyewe.

Kitambaa kilikuwa juu. Hakuna aliyepiga.

Afisa Itifaki akakishusha, akakikung'uta, akakiinua tena, labda hakikuonekana. Kimya. Shida ilikuwa kwa Mwanamvua. Miaka mingi ya kazi ilikuwa imemfanya ulimi wake uwe na uhusiano wa moja kwa moja na kitambaa, bila kupitia kichwani. Bi Mosi akaona midomo ya shoga yake imeanza kuchezacheza, koo linapanda.

"Mwanamvua," akamwambia kwa meno, "ukipiga, leo unalala kwenye mananasi."

"Kinanitoka, shoga! Kinakuja chenyewe!"

"Kimeze!"

"Nakimeza hakimezeki!"

Bi Mosi akainama, akakusanya pindo la fulana yake mwenyewe, maporomoko na yote, akalishindilia mdomoni mwa Mwanamvua. Kigelegele kikatokea puani kama mluzi wa birika, kikafia hapo.

Jukwaani, kidole cha Mheshimiwa kilikuwa kinaning'inia juu ya kitufe.

"Wapigieni!" akafoka. "Hamna sauti? Nyie wanawake mmelipwa soda!"

"Ya moto," ikasikika sauti kutoka nyuma, na mpaka leo haijulikani ya nani.

"Mheshimiwa, usibonyeze," akanong'ona Mwanasheria Mkuu, amemshika mkono. "Bila vigelegele utakuwa umefuta mitaa kinyume cha Katiba. Utakuwa umeifuta na haijafutwa. Kumbuka daraja."

"Basi piga wewe!"

Mwanasheria akajaribu. Ikatoka sauti ya mlango wenye kutu. Katibu Mkuu naye akajaribu, akapaliwa, akapelekwa nje. Na kwenye kioo cha kompyuta yalikuwa yametokea maandishi mengine.

"Mheshimiwa," Shebe akasema, "inasema imengoja sana. Tusipochagua sasa hivi itarudi ilivyokuwa."

"Iambie ingoje!"

"Haisikii, Mheshimiwa."

"Iambie ni mimi!"

Shebe, mtumishi mtiifu, akainama akaiambia. Kompyuta ikazima. Bendi ya Polisi, ambayo sasa haikuamini chochote, haikupiga kitu. Baada ya muda wa kutosha kuchemsha chai, kuinywa na kugombana na jirani, kioo kikawaka polepole, na pale mbele ya Taifa kikaonekana kilima kile kile kisicho na kitu, na pembe kali kama zilivyokuwa.

Mheshimiwa Gombela akakitazama kilima. Akaona kamera za waandishi wa habari. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi, hongereni! Hilo ndilo Toleo la Kumi na Mbili! Wataalamu wetu wamelitengeneza kwa makusudi lifanane na la zamani, ili wananchi wasipate mshtuko!"

Wageni waalikwa wakasimama wakapiga makofi.

"Na pembe za mviringo, Mheshimiwa?" akauliza mwandishi mmoja, kijana, ambaye siku hizi anauza chips.

"Zimo. Ziko kwa ndani."

* * *

Gazeti la Serikali likaandika kwamba uzinduzi umefana, na kwamba kasi ya kompyuta imeongezeka kiasi ambacho macho ya kawaida hayawezi kuiona. Mtukufu Rais alitumiwa picha ya maporomoko kwenye fremu, ikabandikwa juu ya kioo cha kompyuta, akaridhika. Ikawa mtu akitaka kutumia kompyuta anaibandua kwanza.

Lakini Mheshimiwa Gombela hakuridhika. Kichangani ilimkaa kooni kama mwiba. Alikuwa ameshaagiza miche. Akatangaza kwamba Taifa litapandishwa tena, safari hii Toleo la Kumi na Tatu, na hotuba tayari zimeandikwa. Kilichopungua ni sauti. Akataka apatikane yule mwanamke aliyelisha mwenzake fulana, apewe cheo cha Mwenyekiti wa Vigelegele, khanga doti mbili na kiti cha mbele, mradi siku hiyo apige na wenzake wapige.

Akatumwa Shebe, kwa gari la Serikali.

Alimkuta Bi Mosi barazani, anashona. Cherehani haikusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Usikanyage hapo, kuna pini."

Shebe akaruka pini, akatoa khanga, akatoa barua ya cheo, akaeleza yote kama alivyoagizwa, akafuta jasho. Bi Mosi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakata uzi kwa meno.

"Na kwangu umepajuaje?"

"Nilitazama kwenye kompyuta, mama. Nimeandika Mosi Kitwana, ikafikiria, ikafikiria, nikaenda nikala, niliporudi ikawa imekuleta. Nyumba, kiwanja, na hata ule mwembe uliokatwa."

"Kwa hiyo nipo."

"Upo, mama. Upo kabisa."

"Na huko kwenye Toleo la Kumi na Tatu nitakuwepo?"

Shebe akavua miwani. Alikuwa mtu mzuri kwa asili. Tatizo ni kwamba asili yake haikuwa kwenye mshahara.

"Nafasi, mama," akasema. "Nafasi ndiyo tatizo. Picha za Mtukufu zimeongezeka tangu uzinduzi."

"Enhe. Mkishanifuta mimi na Mwanamvua na Bondeni yote, likija Toleo la Kumi na Nne mtampata wapi mtu wa kuwapigia?"

Hilo halikuwemo kwenye kozi. Shebe akatafuta jibu kwenye dari la baraza, akatafuta kwenye khanga, akatafuta kwenye mananasi yaliyokuwa yanachungulia juu ya ua.

"Mimi nimetumwa tu, mama," akasema mwishowe. "Mheshimiwa anasema ukikataa hana shida. Amekwisha liambia Baraza la Mawaziri kwamba huku hakuna watu, ni eneo tupu, limebaki kukabidhiwa."

"Amesema hivyo mwenyewe?"

"Kwa kipaza sauti."

Bi Mosi akakunja sare aliyoimaliza, akaiweka juu ya nyingine, akazirudisha zile khanga mikononi mwa kijana wa watu bila hasira.

"Basi hukupotea njia, mwanangu. Rudi ukamwambie Mheshimiwa umefika kwenye eneo tupu, umeliamkia, limekuitikia. Umelipatia khanga, limekataa. Na akikuuliza limesema nini zaidi, mwambie limekuomba ulisaidie kusogeza gari la Serikali, kwa sababu umeliegesha mlangoni kwa watu."